Kusimulia, Kusoma, Picha au Kukariri? Ulinganisho wa Njia za Kumfundisha Mtoto Mdogo Biblia Nyumbani

Mzazi anayeamua kumfundisha mtoto wake mdogo Biblia nyumbani hukabiliwa na uchaguzi kabla hajafungua hata ukurasa wa kwanza. Amsimulie kwa maneno yake mwenyewe, amsomee kama ilivyoandikwa, amtafutie Biblia ya picha, amkaririshe mistari, au amwekee video na kuketi kando yake? Ulinganisho huu unawahusu watoto wa kati ya miaka miwili na saba, umri ambao wengi wao hawajajua kusoma au ndiyo kwanza wanaunganisha silabi, na karibu yote wanayoyajua kuhusu Mungu wameyapata kwa masikio, kwa macho na kwa kuwatazama wakubwa wao.

Nimezipima njia hizi kwa maswali manne. Mtoto anaelewa nini hasa? Ni nini kinachobaki baada ya wiki moja? Maneno ya Biblia yenyewe yanalindwa kiasi gani? Na mzazi aliyechoka jioni ataweza kuiendeleza njia hiyo kwa miezi na miaka? Swali hili la mwisho wengi hulisahau, nami nalipa uzito mkubwa kuliko mengine, kwa sababu mafundisho ya nyumbani mara nyingi hayafi kwa kukosa vitabu. Hufa kwa sababu mpango uliochaguliwa ulikuwa mzito kuliko nguvu za waliouchagua.

Niseme mapema msimamo wangu. Kwa mtoto ambaye hajaanza kusoma, kusimulia kwa mdomo, Biblia ikiwa imefunguliwa magotini mwa msimuliaji, ndiyo njia ninayoitanguliza, na zile nyingine naziona kuwa wasaidizi wake.

Kusimulia na kusoma

Hizi mbili ndizo njia zinazopaswa kulinganishwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kila moja ina kitu ambacho mwenzake hana.

Anayesimulia humtazama mtoto usoni. Akiona macho yamepotea, hufupisha. Akiona hofu, hupunguza sauti na kumsogeza karibu. Akiulizwa swali, husimama, hujibu, kisha huendelea pale alipoachia. Chukua habari za Samweli katika 1 Samweli 3. Mtoto ameitwa usiku, anakimbia kwa kuhani Eli na kusema, "Mimi hapa," naye Eli anamwambia kwamba hakumwita, akalale tena. Jambo hilo linatokea mara tatu kabla Eli hajatambua kwamba anayeita ni Bwana. Ukilisimulia polepole, mtoto wa miaka mitatu atakuwa anasema "Mimi hapa" pamoja nawe ifikapo mara ya pili, na ifikapo mara ya nne, Samweli anapojibu, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," atakuwa ametulia kwa namna ambayo kitabu peke yake hakiwezi kumtuliza. Marudio hayo hayakubuniwa na walimu wa watoto. Yamo katika Maandiko yenyewe, na msimuliaji mwema huyatumia tu.

Udhaifu wa kusimulia unatokana na uzuri wake huohuo. Ulimi ulio huru huongeza mambo. Tunasema mamajusi walikuwa watatu, ilhali Mathayo hataji idadi yao. Anataja zawadi za namna tatu tu. Tunawaweka zizini, ilhali Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani. Tunasema Hawa alichuma tofaa, ilhali Mwanzo 3 haisemi lilikuwa tunda la aina gani. Mtoto mdogo hana namna ya kutenganisha kilichoandikwa na kilichoongezwa, na siku atakapojisomea mwenyewe ataanza kujiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa ambayo hayamo. Ndiyo sababu ninasisitiza Biblia iwe wazi magotini hata kama husomi kila neno. Inamkumbusha msimuliaji mipaka yake, na inamwonyesha mtoto kwamba maneno haya yana mahali yanapotoka. Sentensi "Biblia haituambii" ni ya thamani kubwa katika kazi hii, na haimpunguzii mzazi heshima hata kidogo.

Kusoma moja kwa moja kunalinda kile ambacho kusimulia kunakihatarisha. Mtoto anazoea mdundo wa Maandiko, anapata msamiati ambao mazungumzo ya kila siku hayampi, na mzazi asiyejiamini katika kusimulia anapata pa kushika. Lakini Biblia haikuandikwa ili isomwe mfululizo kwa mtoto wa miaka minne. Kwa hesabu ya vitabu 66 ina sura 1,189, na nyingi kati ya hizo ni sheria, nasaba, unabii na nyaraka. Nilianza na mwanangu kwa kusoma sura moja kila jioni kuanzia Mwanzo 1. Tulipofika sura ya tano, yenye vizazi kutoka Adamu hadi Nuhu, alikuwa amekwisha kuamua kwamba wakati wa Biblia ni wakati wa kulala, na ilinichukua muda mrefu kuibadilisha picha hiyo kichwani mwake.

Hata hivyo, kuna sehemu ambazo zinataka kusomwa, si kusimuliwa. Mwanzo 1 ni mojawapo, kwa sababu ya kiitikio chake, "Ikawa jioni ikawa asubuhi," ambacho mtoto hukidaka mara moja. Zaburi 23 ina mistari sita tu na haivumilii kusimuliwa upya. Ukijaribu kuieleza kwa maneno yako, unaiharibu. Mifano ya Yesu katika Luka 15, yaani kondoo, shilingi na mwana aliyepotea, ni mifupi na imetungwa kwa ajili ya masikio ya wasikilizaji, hivyo inafaa kwa namna zote mbili. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: masimulizi marefu, kama habari za Yusufu zinazoenea kutoka Mwanzo 37 hadi 50, simulia kwa vipande; mashairi, sala na mifano, soma kama ilivyo.

Kuna pia suala la kuacha. Mzazi anayesimulia anaweza kuruka Mwanzo 38, inayokatiza habari za Yusufu kwa mambo yasiyomfaa mtoto, na wala mtoto asijue kwamba kitu kimerukwa. Anayesoma mfululizo hana nafasi hiyo. Hapa ninashikilia tofauti moja kwa nguvu: kuacha kunaruhusiwa, kubadilisha hakuruhusiwi. Unaweza kutomsimulia mtoto wa miaka mitatu habari za Herode na watoto wa Bethlehemu, ukangoja akue. Usimwambie kwamba Herode alitubu, au kwamba wale walioachwa nje ya safina walipata mashua nyingine.

Tafsiri ipi isomwe kwa sauti

Wanaofundisha kwa Kiswahili wana uchaguzi mwingine ambao miongozo mingi haiugusi. Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, ndiyo ambayo wengi wetu tulikariri utotoni, nayo ina uzuri wa sauti ambao ni vigumu kuupata kwingine. Habari Njema iliandikwa kwa Kiswahili chepesi zaidi, na mtoto huifuata bila kusimama kila mara kuuliza maana.

Tofauti yenyewe si ya ugumu wa maneno tu. Kuna maneno ambayo mtoto anayajua, lakini kwa maana nyingine kabisa. Mwanzo 1:1 katika Union Version inasema Mungu "aliziumba mbingu na nchi," na mtoto wa leo akisikia "nchi" anafikiria taifa lenye bendera na mipaka, ilhali Habari Njema inasema "dunia." Waefeso 4:32 inawaambia waamini wawe "wafadhili ninyi kwa ninyi," yaani watu wema, wenye fadhila, lakini mtoto anayelisikia neno hilo katika taarifa za habari anadhani tunazungumzia watoa fedha. Kitabu cha Yona kinasema mjini Ninawi walikuwamo watu wasioweza kupambanua "mkono wao wa kuume" na wa kushoto, na watoto wengi wadogo siku hizi hawalijui neno "kuume," wanajua "kulia."

Ushauri wangu ni kuisoma Habari Njema wakati wa masimulizi na kuitumia Union Version kwa mistari ya kukariri, hasa Zaburi na Sala ya Bwana. Mstari uliokaririwa hukaa na mtu miaka mingi, na inafaa awe nao katika maneno yaleyale anayoyasikia kanisani na kwa babu na bibi yake. Kama kanisa lenu linatumia tafsiri nyingine, ifuateni hiyo katika kukariri. Kilicho muhimu ni mtoto asikie maneno yaleyale nyumbani na ibadani. Kosa ni kubadilisha tafsiri kila wiki kwa mstari uleule, kwa sababu mtoto hujikuta ameshika vipande viwili visivyoungana.

Biblia ya picha

Biblia ya picha ndiyo wazazi wengi hufikiria kwanza, na ina faida isiyopingika: mtoto anaweza kuifungua mwenyewe, bila kumngoja mtu. Atakaa nayo sakafuni, atageuza kurasa, atamsimulia mdogo wake kile anachokikumbuka. Katika swali la nne, lile la kuendelea, njia hii inazishinda nyingi, kwa kuwa haimdai mzazi matayarisho yoyote.

Hasara yake ni kwamba mchoraji humwamulia mtoto mambo ambayo Biblia haikuyaamua, na pia huamua ni nini kilicho kikubwa katika habari. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Yona. Kitabu cha Yona kina sura nne na mistari 48, na samaki anatajwa katika mistari mitatu tu: 1:17, 2:1 na 2:10. Lakini fungua Biblia nyingi za picha na utaona samaki amejaa kurasa mbili, na habari inaishia pwani Yona anapotapikwa, au mara tu Ninawi wanapotubu. Sura ya nne, ambayo ndiyo kitovu cha kitabu, haipo. Yona amekasirika kwa sababu Mungu amewahurumia adui zake, mtango umekauka, na Mungu anamaliza kwa kumuuliza kama haikumpasa kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wa kufugwa wengi sana. Watoto huipenda sana ile habari ya wanyama. Mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri mtu anayenuna kwa sababu mwingine amesamehewa, pengine kuliko anavyoelewa mtu kukaa siku tatu tumboni mwa samaki. Kumnyima sura hiyo ni kumnyima Yona mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua Biblia ya picha, fungua habari tatu unazozijua vizuri na uzilinganishe na Biblia kamili. Mimi hutazama Yona kwa sababu niliyoitaja, habari za Daudi na Goliathi, na Ijumaa ya mateso. Katika Yona, natafuta sura ya nne. Kwa Daudi, natafuta maneno ya 1 Samweli 17:47, "vita ni vya BWANA," kwa sababu bila hayo inakuwa habari ya kijana hodari mwenye kombeo. Katika mateso ya Yesu, naangalia kama mchoraji ameepuka yote mawili, kuruka moja kwa moja hadi Pasaka kana kwamba hakuna aliyekufa, na kumwaga damu ya kumtisha mtoto. Angalia pia nyuso: ikiwa kila mtu anatabasamu kila wakati, hata ndani ya safina watu wakiwa wameangamia nje, kitabu hicho kinamfundisha mtoto kutoyachukulia mambo hayo kwa uzito. Tena, picha nyingi humvika Yusufu kanzu ya rangi nyingi, ilhali Union Version inasema "kanzu ndefu." Hilo si kosa kubwa, kwa kuwa wafasiri wametofautiana juu ya neno lenyewe la Kiebrania, lakini uwe tayari kujibu siku mtoto atakapouliza rangi zimekwenda wapi.

Ikilinganishwa na kusimulia, Biblia ya picha inafaa zaidi baada ya habari kuliko kabla yake. Mtoto akisikia kwanza, hujenga picha yake mwenyewe ya Daudi. Akiiona picha ya mchoraji baadaye, anakuwa na mbili za kulinganisha. Akianza na picha, mara nyingi hubaki na hiyo moja.

Kukariri na katekisimu

Kuna wazazi wanaoogopa kukaririsha kwa hoja kwamba mtoto atasema maneno asiyoyaelewa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtoto hujifunza lugha yake yote kwa kusema maneno ambayo maana yake humjia baadaye. Mstari kama "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3) unaweza kushikwa na mtoto wa miaka minne kwa siku mbili, na taa zitakapozimika usiku atakuwa na cha kusema. Hapo maana humfikia bila kuelezwa.

Ninachokipinga ni kuufanya mstari kuwa mashindano. Zawadi na alama huleta mavuno ya haraka, lakini mtoto mwenye ulimi mzito hujifunza kwamba Biblia ni mahali anaposhindwa. Mstari mmoja kwa mwezi, unaosemwa kila siku na nyumba nzima pamoja na wakubwa, unabaki kuliko minne iliyosukumwa kwa wiki nne. Anza na mifupi: "Mungu ni upendo" (1 Yohana 4:8), "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:35), kisha Zaburi 23 mstari baada ya mstari, kisha Sala ya Bwana katika Mathayo 6:9-13, ambayo pengine ataishika mapema kwa sababu anaisikia mara nyingi.

Katekisimu, yaani mafundisho ya imani yaliyopangwa kwa maswali na majibu, ni jambo jingine. Martin Luther alipochapisha Katekisimu Ndogo mwaka 1529, aliiandika ikiwa na mkuu wa nyumba akilini, ili aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia nyepesi. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba katekisimu ni mali ya darasa la kanisani tu. Ile fupi ya Westminster ya mwaka 1647 ina maswali 107, na hakuna mtoto wa umri huu anayehitaji yote. Nguvu ya katekisimu ni mpangilio wa mafundisho. Udhaifu wake kwa mtoto mdogo ni kwamba inajibu maswali ambayo bado hajayauliza, kwa maneno ya kidhahania. Watoto wa umri huu hufikiri kwa vitu wanavyoweza kuviona. Ukimwambia Yesu anakaa moyoni, anaweza kukuuliza anapumuaje humo. Ningeiacha katekisimu hadi kama miaka sita, isipokuwa maswali machache ya mwanzo, na hata hapo ningeifuatisha baada ya habari ambazo mtoto amekwisha kuzijua.

Mikono, miguu na skrini

Mtoto asiyeweza kuketi dakika tano hana ugonjwa wa kutopenda Biblia; ana mwili. Goliathi, kwa maelezo ya 1 Samweli 17:4, alikuwa na urefu wa mikono sita na shibiri moja, karibu mita tatu. Pimeni kamba ya urefu huo, ilazeni sakafuni, kisha mtoto alale kando yake. Hatahitaji kuelezwa kwa nini jeshi la Sauli liliogopa. Safina ilikuwa na urefu wa mikono 300, takriban mita 135, nanyi mnaweza kuitembea nje kwa hatua mkihesabu pamoja. Mwanatheolojia wa Kiitalia Sofia Cavalletti, aliyeanza kufanya kazi na watoto mjini Roma mwaka 1954 akishirikiana na mwalimu Gianna Gobbi, alitumia sanamu ndogo za mchungaji na kondoo ambazo mtoto huzisogeza kwa mkono wake mwenyewe baada ya kusikia maneno ya Yesu, bila kuharakishwa. Jambo la kujifunza hapo ni ule utulivu. Igizo la nyumbani likizidi kelele, mtoto hukumbuka kelele.

Nyimbo zinafaa kwa kila umri na hazihitaji utetezi wangu.

Video naiweka mwisho. Si kwamba zote ni mbaya, lakini video haisimami mtoto anapouliza, haioni kwamba ameogopa, na humpa mzazi ruhusa ya kutoka chumbani. Iwapo mtaitazama, itazameni pamoja, na iwe habari ambayo mtoto amekwisha kusikia kutoka kinywani mwako. Biblia ya kusikiliza ni bora kuliko video kwa umri huu, hasa mzazi anapokuwa mgonjwa au asipojua kusoma vizuri, kwa sababu inamwachia mtoto kazi ya kuona kwa moyo wake.

Habari ikiisha: funzo au swali

Njia yoyote utakayoichagua, utafika mahali ambapo habari imekwisha na mtoto anakutazama. Hapa wazazi hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza humalizia kwa funzo: "Kwa hiyo nawe uwe jasiri kama Daudi, mtiifu kama Samweli, usiwe mwongo kama Anania." Wa pili huuliza swali na kunyamaza.

Najua kwa nini funzo linavutia. Mzazi anataka tabia njema, na Waefeso 6:4 yenyewe inataja "adabu na maonyo ya Bwana." Lakini mstari huohuo unaanza kwa kuwaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao, na sijui kitu kinachomchokoza mtoto taratibu kama kugeuza kila habari ya Biblia kuwa kemeo la kosa alilolifanya mchana. Mtoto aliyempiga dada yake saa tisa, akasimuliwa habari za Kaini na Abeli saa mbili usiku, anaelewa kabisa kinachoendelea. Atajifunza kuiogopa Biblia kwa namna isiyofaa. Isitoshe, watu wa Biblia hawakuwekwa pale wote wawe vielelezo: Yakobo alidanganya, Petro alikana, Yona alinuna. Ukimfundisha mtoto kutafuta katika kila habari mtu wa kuiga, hatajua la kufanya na hao, wala hatamwona Mungu anayewavumilia.

Swali hufanya kazi nyingine. "Unafikiri yule mwana mdogo alijisikiaje alipomwona baba yake anakuja mbio?" "Kwa nini yule mkubwa alikataa kuingia?" Usiyajibu wewe. Mtoto wa miaka mitatu pengine atasema jambo lisilohusiana; wa miaka sita anaweza kusema jambo litakalokunyamazisha. Na angalia kwamba katika Maandiko mtoto ndiye anayetazamiwa kuuliza: katika Kutoka 12:26 watoto wanauliza maana ya ibada ya Pasaka, na katika Yoshua 4:6 wanauliza maana ya mawe kumi na mawili yaliyotolewa Yordani. Mawe yale yaliwekwa ili yaulizwe. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba kati ya funzo na swali, swali litangulie, na funzo lije pale tu mtoto mwenyewe anapolifikia au anapoliomba.

Saa na mpangilio

Wengine hutenga saa maalumu kila siku, wengine huzungumza Neno kadiri nafasi inavyojitokeza. Kumbukumbu la Torati 6:7 haitoi nafasi ya kuchagua moja: inataja uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Lakini kwa anayeanza, saa maalumu ndiyo iliyo rahisi kuilinda, na dakika saba kabla ya kulala zinatosha kabisa. Yale mazungumzo ya njiani huzaliwa yenyewe mtoto anapokuwa na habari kichwani za kuzungumzia.

Kuhusu mpangilio, kufuata Biblia kutoka Mwanzo kunampa mtoto mfuatano, lakini kunamchelewesha kumfikia Yesu. Kwa aliye chini ya miaka mitano ningeanza na Injili, hasa Luka, kisha nirudi Mwanzo atakapoanza kuuliza "na kabla ya hapo?" Kwa nyumba zinazofuata kalenda ya kanisa, majira ya Noeli na Pasaka yanatoa mpangilio ambao tayari upo, na sioni sababu ya kuuacha.

Nani achague ipi

Mzazi mwenye mtoto mmoja wa miaka miwili au mitatu hahitaji zaidi ya habari sita au saba zinazorudiwa mpaka mtoto amsahihishe anapokosea neno. Mwenye watoto wa umri tofauti asimulie akimlenga mdogo, kisha amwombe mkubwa asome mstari mmoja au miwili kutoka Biblia kamili. Kumlenga mkubwa humwacha mdogo nje, lakini habari iliyosimuliwa vizuri kwa mdogo haimchoshi mkubwa. Mzazi asiyeijua Biblia vizuri, au aliyeijia ukubwani, aanze na Biblia ya picha iliyopita ule ukaguzi wa Yona, ajifunze pamoja na mtoto bila aibu, na baada ya miezi michache ajaribu kusimulia moja kwa maneno yake. Anayerudi nyumbani mtoto akiwa amekwisha kulala achague asubuhi, hata kama ni Zaburi ya mistari miwili kama ya 117, kuliko kuiachia video kazi yake. Na pale ambapo bibi ndiye anayekaa na mtoto mchana kutwa, bibi apewe nafasi hiyo kwa heshima yake yote: imani ya Timotheo ilikaa kwanza katika Loisi, bibi yake, na katika Eunike, mama yake, kama 2 Timotheo 1:5 inavyosema.

Mtoto atakapoanza kusoma, kazi hubadilika mikono polepole. Mpe Injili ya Marko, yenye sura kumi na sita tu na habari zinazokwenda haraka, na umwachie asome mistari mitatu kwa sauti huku wewe ukisikiliza. Atakwama kwenye Kapernaumu na Dekapoli. Msaidie neno, usimpokonye kitabu. Siku nyingine atasimama mwenyewe katikati ya mstari na kusema kwamba hivi sivyo ulivyomsimulia, na hapo mtapaswa kurudi nyuma pamoja, kidole juu ya ukurasa, mtazame kilichoandikwa.